Namba ya Oksidisheni Imekataa: Dalili na Vyanzo, Kuanzia Daftarini Hadi Kwenye Bureti

Vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita wanaonijia jioni hapa Ngamiani na madaftari yao ya kemia huja na malalamiko ya namna mbili. Wengine hesabu imewakataa: wametafuta namba ya oksidisheni ya kromiamu wakapata +12. Wengine ni jaribio: pamanganeti, kemikali ya zambarau, iliyotakiwa kupotea rangi imegeuka kahawia, na sasa hawajui waandike nini. Wanaamini hayo ni magonjwa mawili tofauti. Mimi naona aghalabu ni moja. Kuna elektroni ambayo hawakujiuliza imetoka kwa nani na imekwenda kwa nani.

Namba ya oksidisheni ni hesabu ya elektroni. Si rangi, wala si chaji halisi ambayo ungeikuta ukiipima ndani ya kampaundi. Tunakubaliana tu kwamba katika kila kifungo, atomu yenye mvuto mkubwa wa elektroni ihesabiwe kuwa imezichukua zote, kisha tunauliza metali imebaki na upungufu wa elektroni ngapi. Ni kama mchezo wa upatu: akipokea mmoja, lazima yuko aliyetoa, na daftari la kijumbe lazima lilingane.

Metali za mpito, yaani zile za katikati ya jedwali la elementi kama kromiamu, manganizi na chuma, zinasumbua kuliko sodiamu au kalsiamu kwa sababu elektroni zao za 4s na za 3d (hayo ni majina ya obitali, makao ya elektroni kwenye atomu) zimekaribiana sana kinishati. Sodiamu ikishatoa moja, ya pili inagharimu nishati kubwa mno. Manganizi inaweza kutoa mbili, nne, au hata kuzihesabia nje zote saba, kutegemea na nani aliye jirani. Kwa hiyo kukariri namba moja kwa kila metali hakusaidii. Tafuta dalili yako hapa chini uanzie hapo.

"Nimepata kromiamu +12"

Chanzo cha kwanza ni kusahau kugawanya. Katika ioni ya daikrometi, Cr₂O₇²⁻, oksijeni saba zenye −2 kila moja zinaleta −14. Jumla ya vyote lazima ilingane na chaji ya ioni, yaani −2. Kwa hiyo 2x − 14 = −2, na 2x = +12. Hapo mwanafunzi anaweka kalamu chini. Lakini hiyo 12 ni ya atomu mbili kwa pamoja. Kila kromiamu ina +6.

Chanzo cha pili ni kuweka sifuri upande wa kulia wakati mbele yako kuna ioni. Ukiandika 2x − 14 = 0 unapata +7. Ukifanya vivyo hivyo kwa MnO₄⁻ unapata +8 badala ya +7. Sifuri ni ya kampaundi nzima isiyo na chaji, mfano KMnO₄, ambamo potasiamu nayo imeingia kwenye hesabu na +1 yake.

Kuna kipimo cha haraka ambacho ningependa kila mwanafunzi awe nacho kichwani. Hesabu elektroni za 4s na 3d za metali husika: skandiamu 3, titaniamu 4, vanadiamu 5, kromiamu 6, manganizi 7. Hilo ndilo dari. Ukiona umepata kromiamu +7 au manganizi +8, usiendelee na swali; rudi nyuma. Baada ya manganizi metali hazifiki tena kwenye dari hilo. Chuma kina elektroni nane za namna hiyo, lakini shuleni utakutana nacho kwenye +2 na +3, na mara chache kwenye +6 katika ioni ya FeO₄²⁻. Shaba huwa +1 au +2. Zinki ni +2 tu.

Kipimo hiki kinafaa hata pale ambapo hesabu yako ni sahihi lakini dhana iliyo chini yake siyo. Chukua CrO₅, kampaundi ya buluu inayojitokeza daikrometi yenye asidi inapokutana na haidrojeni peroksaidi. Ukiipa kila oksijeni −2, kromiamu inakuwa +10. Haiwezekani, ina elektroni sita tu za kutoa. Kwa hiyo kosa liko kwenye oksijeni: nne kati yake zimeungana mbilimbili kama zilivyo kwenye peroksaidi, na kila moja ina −1. Moja tu ndiyo ina −2. Basi x − 4 − 2 = 0, na kromiamu inarudi kwenye +6.

"Jibu langu lina sehemu: chuma +8/3"

Hujakosea. Fe₃O₄ inaleta 3x − 8 = 0, na x ni 8/3. Hakuna atomu inayotoa elektroni mbili na theluthi mbili, kwa hiyo hiyo ni wastani. Ndani ya Fe₃O₄ kuna chuma kimoja cha +2 na viwili vya +3, jumla +8. Swali likiuliza namba ya oksidisheni ya chuma ndani ya Fe₃O₄, toa wastani, kisha ongeza sentensi moja inayosema umetokana na nini.

"Kwenye kompleksi napotea kabisa"

Kompleksi ni metali iliyozungukwa na molekuli au ioni zilizoshikamana nayo. Tatizo hapa ni kutojua kilichoshikamana na metali kina chaji gani. Maji, amonia na kaboni monoksaidi havina chaji, vihesabu sifuri. Sayanaidi, kloraidi na haidroksaidi ni −1 kila kimoja. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni kuichukulia amonia, NH₃, kama amoniamu, NH₄⁺. Mwanafunzi anaipa +1, na shaba katika [Cu(NH₃)₄]²⁺ inatoka −2. Amonia ni sifuri, shaba ni +2.

La pili ni kuchanganya kilicho ndani ya mabano na kilicho nje. Katika [CrCl₂(H₂O)₄]Cl, kloraidi mbili zimeshikana na kromiamu na moja iko nje. Ya nje inakuambia mabano yana chaji ya +1. Ndani, x − 2 = +1, kwa hiyo kromiamu ni +3. Katika K₄[Fe(CN)₆] potasiamu nne za nje zinakuambia mabano yana −4; x − 6 = −4, chuma ni +2. Katika K₃[Fe(CN)₆] mabano ni −3, na chuma ni +3. Chumvi hizi mbili zina majina yanayofanana na chupa zake hukaa rafu moja. Soma lebo mpaka mwisho.

Na ukipata sifuri, usiifute. Nikeli katika Ni(CO)₄ ni sifuri kweli.

"Nimeondoa elektroni mbili kwenye chuma nikabaki na 3d⁴4s²"

Chuma ni [Ar]3d⁶4s², yaani elektroni sita za 3d na mbili za 4s juu ya zile za argoni. Kwa kuwa tunajaza 4s kabla ya 3d, mwanafunzi anadhani za mwisho kuingia ndizo za kwanza kutoka. Sivyo. Metali za mpito zinapokuwa ioni, za 4s hutoka kwanza. Fe²⁺ ni 3d⁶, Fe³⁺ ni 3d⁵. Ukiandika 3d⁴4s² unapoteza alama ya swali hilo, na pia unashindwa kueleza mengi yanayofuata. Kwa nini Fe²⁺ huoksidishwa, yaani hutolewa elektroni, kwa urahisi na hewa, huku Mn²⁺ katika mmumunyo wenye asidi ikitulia? Kwa sababu Fe²⁺ ikitoa elektroni moja inafika 3d⁵, obitali tano zenye elektroni mojamoja, mpangilio ulio tulivu. Mn²⁺ tayari ni 3d⁵. Ikitoa nyingine inauvunja utulivu huo.

Kromiamu na shaba ndizo za kuangalia kabla hujaanza kuondoa chochote: atomu zake ni 3d⁵4s¹ na 3d¹⁰4s¹.

Skandiamu na zinki zimo kwenye safu ileile lakini kwa maana tunayotumia mtihanini si metali za mpito. Ioni ya Sc³⁺ haina hata elektroni moja ya 3d. Ya Zn²⁺ imejaa zote kumi. Metali ya mpito lazima itoe angalau ioni moja yenye 3d iliyojaa kwa sehemu tu, si tupu wala si kamili.

"Rangi imebadilika, kwa hiyo kuna oksidisheni"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanafunzi wazuri wanapoangukia. Wamekariri jedwali la rangi vizuri sana, na jedwali hilo linawadanganya.

Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona nimeongeza asidi kwenye krometi ya njano ikawa ya chungwa, nikaandika kromiamu imepata elektroni, nikakosa?" Nikamwambia, "Haya mwanangu, hesabu kabla na baada." CrO₄²⁻: x − 8 = −2, x = +6. Cr₂O₇²⁻: tumeshaihesabu, +6. Hakuna elektroni iliyohama. Kilichotokea ni 2CrO₄²⁻ + 2H⁺ ⇌ Cr₂O₇²⁻ + H₂O. Ongeza alkali, njano inarudi.

Rangi ya ioni ya metali inategemea namba ya oksidisheni, ndiyo, lakini inategemea pia ni nini kimeizunguka na kimeizunguka kwa umbo gani. Kobalti kwenye maji ni ya waridi, [Co(H₂O)₆]²⁺. Mimina asidi haidrokloriki kali, inakuwa ya buluu, [CoCl₄]²⁻. Kote ni +2. Shaba nayo: mmumunyo wa buluu hafifu, tone la amonia linaleta mashapo ya buluu, amonia ikizidi mashapo yanayeyuka na kuacha buluu iliyokolea. Hatua zote ni +2. Chukua fuwele za buluu za CuSO₄·5H₂O uzipashe moto mpaka ziwe nyeupe. Wengi huandika shaba imekuwa +1 kwa sababu walisikia kampaundi nyeupe za shaba ni za +1. Lakini kilichoondoka ni maji. Shaba ya unga ule mweupe bado ni +2. Rudishia maji uone.

Huna haja ya kwenda mbali na mkoa wetu kupata ushahidi. Bonde la Umba, kaskazini mwa Tanga, linajulikana kwa vito, na rubi ni mojawapo. Wekundu wa rubi unatokana na ioni chache za Cr³⁺ zilizokaa mahali pa alumini ndani ya Al₂O₃. Ioni hiyohiyo ya Cr³⁺ ikikaa ndani ya berili inatoa kijani cha zumaridi. Namba ni +3 kotekote. Aliyekariri kwamba kromiamu(III) ni kijani angeikataa rubi.

Sasa geuza upande wa pili. Pamanganeti ni zambarau iliyokolea, na manganizi yake iko kwenye +7, haina elektroni yoyote ya 3d iliyobaki. Ukisema zambarau hiyo inatokana na elektroni kuruka kati ya obitali za 3d, umesema jambo lisilowezekana. Rangi ile hutokea elektroni inapoondoka kwa muda kutoka kwa oksijeni kwenda kwa manganizi kwa kunyonya mwanga. Krometi na daikrometi ni vivyo hivyo.

Basi utajuaje kwamba kweli kuna oksidisheni (kutoa elektroni) na ridaksheni (kupokea elektroni)? Tafuta upande wa pili. Daikrometi yenye asidi ikipashwa na ethanoli inageuka kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani: kromiamu imeshuka kutoka +6 hadi +3, na ethanoli ndiyo iliyotoa elektroni, yenyewe ikawa ethanali na baadaye asidi ya ethanoiki. Yupo aliyetoa, yupo aliyepokea. Katika jaribio la kobalti na asidi haidrokloriki, kloraidi iliingia ikiwa −1 na imebaki −1. Hakuna aliyetoa. Na tafadhali, mshike daikrometi kwa uangalifu: kampaundi za kromiamu(VI) ni sumu na zinaweza kusababisha saratani. Vaa glavu, na usiinyonye kwa pipeti kwa mdomo.

Vanadiamu ina mtego wake wa pekee. Ukianza na mmumunyo wa njano wa VO₂⁺ wenye asidi na kuongeza chembe za zinki, unapita kwenye ngazi nzima: njano ya +5, buluu ya VO²⁺ iliyo +4, kijani cha V³⁺, kisha zambarau hafifu ya V²⁺. Dalili inayoletwa kwangu: "Nimeona kijani kabla ya buluu, jedwali limekosea." Jedwali halijakosea. Kijani cha kwanza ni mchanganyiko wa njano iliyobaki na buluu iliyoanza kutokea. Bado uko kati ya +5 na +4. Subiri buluu safi ndipo uhesabu kijani kinachofuata kuwa +3. Na ukiona zambarau ya mwisho inarudi kijani, zinki imekwisha au hewa imeingia. V²⁺ hutoa elektroni kwa oksijeni bila kusita.

"Chumvi ya chuma(II) imenipa mashapo ya kahawia"

Unaongeza sodiamu haidroksaidi kwenye sampuli uliyoambiwa ni ya chuma(II). Unategemea mashapo ya kijani. Unapata kijani kichafu, au kahawia moja kwa moja. Kabla hujaandika kwamba sampuli ni ya chuma(III), chunguza mambo mawili.

Kwanza, kahawia imeanzia wapi? Ikiwa mashapo yalianza kijani na kahawia ikaonekana juu, karibu na mdomo wa testi tyubu, ikashuka polepole, basi sampuli yako ilikuwa sahihi. Ni hewa: 4Fe(OH)₂ + O₂ + 2H₂O → 4Fe(OH)₃. Andika ulichoona kwa mfuatano wake, kijani kwanza, kisha kahawia juu. Mfuatano huo wenyewe ni ushahidi mzuri wa chuma(II).

Pili, kama kahawia imekuja papo hapo tangu chini, angalia mmumunyo kabla ya kuongeza alkali. Chuma(II) kizima kina kijani hafifu sana, karibu hakina rangi. Kikiwa cha manjano, sehemu yake imeshageuka chuma(III). Tone la potasiamu thiosayaneti litakuonyesha: wekundu uliokolea ni chuma(III). Wekundu hafifu ni sampuli ya chuma(II) iliyoanza kuharibika.

Hapa pwani tatizo hili halikwepeki kirahisi, hewa yetu ina unyevu mwaka mzima na fuwele za FeSO₄·7H₂O zilizoachwa na kifuniko kilicholegea hupata ganda la kahawia. Tumia fuwele za katikati zilizo kijani bado. Chemsha maji kwanza ili oksijeni iliyoyeyuka itoke, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yatilie asidi ya salfuriki hafifu kabla ya kuyeyusha chumvi. Asidi inafanya kazi kubwa hapa: Fe²⁺ huoksidishwa na hewa polepole zaidi kwenye mmumunyo wenye asidi, na haraka mno kwenye alkali, ndiyo maana mashapo ya kijani hayadumu. Msumari safi wa chuma ukiachwa ndani ya chupa nao unasaidia, kwa sababu Fe + 2Fe³⁺ → 3Fe²⁺. Jumlisha namba za oksidisheni pande zote mbili: 0 na 6 kushoto, 6 kulia. Daftari limelingana. Mimi, pale inapopatikana, napendelea chumvi ya Mohr, (NH₄)₂Fe(SO₄)₂·6H₂O, maana inastahimili hewa kuliko salfeti ya kawaida.

Anayetaka kuyaona hayo bila maabara aende kwenye mikoko maji yakipwa. Juu matope ni kahawia. Chimba kidogo, chini ni meusi yenye harufu ya yai viza. Chini hakuna oksijeni, chuma kiko kwenye +2 kimeshikana na salfa. Yaanike matope yale juani na weusi utapungua, kahawia itaingia. Na udongo mwekundu wa njia ya kwenda Muheza ni chuma kilichokwisha kufika +3 zamani.

Taitresheni ya pamanganeti: dalili moja moja

Hapa unadondosha mmumunyo kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo, mpaka rangi ikuonyeshe mmenyuko umekamilika. Hili ndilo jaribio ambalo wengi hulipoteza, na karibu kila hitilafu yake inaelezeka kwa namba ya oksidisheni ya manganizi. Katika asidi ya kutosha, manganizi hushuka kutoka +7 hadi +2, elektroni tano kwa kila ioni: MnO₄⁻ + 5Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O. Mn²⁺ haina rangi ya kuonekana, ndiyo maana hatuhitaji kiashiria kingine.

*Flaski inageuka kahawia badala ya kubaki bila rangi.* Asidi haitoshi. Angalia mlinganyo: kila pamanganeti inakula H⁺ nane. Zikikosekana, manganizi inasimama njiani kwenye +4, ikawa MnO₂ ya kahawia, baada ya kuchukua elektroni tatu tu. Hapo hesabu yako yote inaharibika. Tuseme una 25.0 cm³ za Fe²⁺ yenye moli 0.002. Kwa elektroni tano, pamanganeti ya 0.02 M inahitajika 20.0 cm³. Manganizi yote ikisimama kwenye +4, kila ioni inapokea tatu tu, na utahitaji 33.3 cm³ kumaliza chuma kilekile. Wewe utazidisha moli za pamanganeti kwa tano kama mlinganyo unavyosema, na utapata chuma kingi kuliko kilichokuwepo. Ukiona kahawia, mwaga flaski hiyo uanze upya na asidi ya kutosha. Usijaribu kuiokoa.

*Usomaji ni mkubwa mno lakini hakuna kahawia.* Uliza ulitia asidi gani. Asidi haidrokloriki inaleta kloraidi, na pamanganeti inaweza kuzichukulia elektroni zake na kutoa gesi ya klorini; sehemu ya pamanganeti yako imetumika mahali pasipotakiwa. Ukisikia harufu ya klorini, fungua madirisha.

*Usomaji ni mdogo mno.* Huenda asidi ilikuwa ya nitriki, ambayo yenyewe hupokea elektroni na kukupunguzia kazi ya pamanganeti. Huenda pia chuma(II) kilikwishaoksidishwa chupani, kama tulivyoona. Na kwa asidi ya oksaliki, huenda uliichemsha kupita kiasi ikaanza kuvunjika. Asidi ya salfuriki hafifu ndiyo inayofaa, kwa sababu salfa yake iko tayari kwenye +6 na haina elektroni ya kuipa pamanganeti.

*Tone la kwanza halipotei rangi kabisa.* Hii ni ya asidi ya oksaliki, si ya chuma. Mmenyuko ni 2MnO₄⁻ + 5C₂O₄²⁻ + 16H⁺ → 2Mn²⁺ + 10CO₂ + 8H₂O, kaboni ikipanda kutoka +3 hadi +4. Katika joto la kawaida unakwenda polepole sana. Pasha flaski mpaka kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi. Hata hapo tone la kwanza huchelewa, kisha yanayofuata yanapotea upesi: Mn²⁺ inayozaliwa inauchochea mmenyuko wake wenyewe. Mwenye pupa humimina mengi mwanzoni, akapata kahawia, akalaumu asidi.

*Waridi ya mwisho inapotea nikiisubiri.* Ikidumu nusu dakika, inatosha. Baadaye itafifia yenyewe kwa sababu pamanganeti iliyobaki huanza kumenyukana polepole na Mn²⁺. Usiifukuzie kwa matone zaidi.

*Usomaji wangu haufanani na wa mwenzangu aliyetumia bureti ileile.* Pamanganeti ni nyeusi mno kuonyesha sehemu ya chini ya mkunjo wa kimiminika. Someni nyote ukingo wa juu, mwanzo na mwisho.

"Nilitegemea mashapo meupe ya shaba(I), nimepata kahawia"

Ukichanganya salfeti ya shaba na potasiamu ayodaidi, 2Cu²⁺ + 4I⁻ → 2CuI + I₂. Shaba imeshuka hadi +1, na ayodaidi mbili kati ya nne zimetoa elektroni na kuwa ayodini. Mashapo ni meupe kweli. Ayodini ya kahawia imeyafunika. Ongeza sodiamu thiosalfeti kidogo kidogo, kahawia itaondoka na weupe utabaki. Wenzenu wa biolojia wanaoona wekundu wa tofali katika kipimo cha sukari cha Benedict nao wanaona shaba(I), safari hii ikiwa Cu₂O.

Mashapo ya shaba(I) hudumu kwa kuwa hayayeyuki. Cu⁺ ikiachwa huru ndani ya maji hujigawa: moja inampa mwenzake elektroni, mnapata Cu²⁺ na shaba tupu.

Madoa ya kahawia kwenye vyombo na vidole

Ni MnO₂ ileile ya +4. Sabuni haiyatoi kwa sababu hayayeyuki majini. Yanataka elektroni mbili ili manganizi ishuke hadi Mn²⁺ inayoyeyuka. Mabaki ya asidi ya oksaliki kwenye chupa yako ndiyo dawa: MnO₂ + H₂C₂O₄ + 2H⁺ → Mn²⁺ + 2CO₂ + 2H₂O. Tia kidogo kwenye bureti pamoja na asidi ya salfuriki hafifu, zungusha, doa linaondoka mbele ya macho yako. Kwa vidole usitumie oksaliki, ni sumu. Kamua ndimu au chungwa la Muheza, vitamini C yake inatoa elektroni hizohizo, polepole zaidi. Kisha suuza bureti kwa maji mengi kabla ya kuirudisha kabatini, na usiiache usiku kucha ikiwa na pamanganeti ndani, maana itaacha doa jipya na ukali wake asubuhi hautakuwa ulioupima jana.